Sifuri Juu ya Sifuri

Mjane alikuwa amefika kituoni kabla ya Inspekta, na alikuwa amekaa pale pale alipokaa jana: mwisho wa benchi, karibu na mlango wa mahabusu, kama vile akisogea kidogo tu kaka yake atapitishwa mlango mwingine asimwone. Hakuwa akilia. Machozi yalikuwa yamemwishia makaburini.

"Umekula?" Inspekta alimuuliza.

"Nitakula akitoka, afande."

Inspekta alisukuma mlango, akaingia. Koplo alimfuata nyuma, faili moja kwapani na maneno mia mdomoni. Koplo alikuwa mtu wa watu; hakuna kinyozi, muuza vocha wala mama wa sokoni asiyemjua, na kila alilolisikia lilimuwasha mpaka alitoe.

"Jana ungekuwepo mazikoni, afande. Mama wa marehemu alisimama mbele ya umati wote akasema, aliyemuua mwanangu nisimwone tena juu ya uso wa dunia. Na huyu mkamwana wake kasimama bega kwa bega naye, jicho hili linamlilia mume, jicho lile linamlilia kaka. Watu walishindwa kujua wamshike nani kwanza."

"Kesi, Koplo. Siyo mazishi."

"Kesi si ndiyo hiyo hiyo?"

Kesi ilikuwa hivi. Kwenye ghala la nafaka nje kidogo ya mji kulikuwa na chumba cha dawa, chumba cha zege kisicho na dirisha. Magunia yalikuwa yakipangwa humo, mlango unafungwa, kisha gesi ya kuua wadudu inafunguliwa kutoka kibanda cha nje. Gesi yenyewe haikujua tofauti ya mdudu na mtu. Kwa hiyo mlangoni paliwekwa macho mawili ya mwanga yaliyounganishwa na kompyuta ya kibandani: mtu akiingia, kompyuta inaongeza moja, akitoka, inapunguza moja. Maadamu namba si sifuri, taa inabaki nyekundu, na ufunguo wa gesi haugeuki hata uushike kwa koleo.

Lakini Mrefu, mpanga magunia, alikuwa ndani. Taa ikawa kijani. Ufunguo ukageuka. Na mkono uliougeuza ulikuwa wa ndugu wa mkewe, ambaye ghala zima lilimwita Shemeji, hata wale ambao hakuwa shemeji yao kwa upande wowote.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuirudisha namba kwenye sifuri kwa mkono: neno la siri, lililowekwa kwa ajili ya siku ambazo panya au kunguru amekatiza mlangoni akahesabiwa kama mtu. Pale kazini, Shemeji peke yake ndiye aliyelijua. Na wiki ile ile majirani walimsikia Mrefu akimwambia atafute pa kuishi, nyumba imejaa. Faili lilikuwa limenona, na kesho asubuhi Shemeji alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua.

Aliletwa akiwa ameshikilia suruali kwa mkono, mkanda amenyang'anywa.

"Tuanze upya," Inspekta alisema.

"Afande, nimesema mpaka koo limekauka."

"Koplo, mpe maji. Haya. Kabla ya kugeuza ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwenye mizani. Lori liliingia, nikaenda kulipima."

"Ulipotoka kibandani, skrini ilisema ngapi?"

"Moja. Wenzake walishatoka, amebaki yeye anafunika turubai. Niliporudi, ikasema sifuri, kijani. Nikajua katoka."

"Hukwenda kuhakikisha?"

"Nilikwenda mpaka mlangoni, nikaita. 'Mrefu!' Mle ndani feni zinanguruma, mtu hasikii hata akikohoa mwenyewe. Hakujibu. Nikafunga mlango." Alinywa maji, yakamwagikia shatini. "Niliita mara moja tu, afande. Ningeita mara mbili."

Koplo alijipapasa mfukoni, akatoa leso, akamsukumia mezani bila kumtazama.

"Mligombana," Inspekta alisema.

"Nani hagombani na shemeji yake? Alisema nakoroma kama mashine ya kusaga, watoto hawalali. Nikamwambia yeye miguu yake inaanzia chumbani inaishia sebuleni, ndiyo imejaza nyumba. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Asubuhi tukapanda baiskeli moja kwenda kazini, mimi nakanyaga, yeye kakaa nyuma anaburuza miguu. Huko ndiko kugombana kwetu."

"Fundi wa makao makuu anasema saa ya kompyuta imerudishwa nyuma miaka mingi. Anasema ni mtu aliyetaka kuficha alichofanya na alikifanya lini."

"Mimi? Hata saa ya simu yangu aliniwekea dada."

Inspekta alichomoa picha kutoka kwenye faili. Ilionyesha meza ya kibandani, na juu yake kikombe cha bati, rangi ya bluu.

"Na hiki? Humu wameandika ulikaa unakunywa chai mwenzako akifa."

Shemeji aliitazama ile picha, akatikisa kichwa. "Si changu. Changu kina ua. Kinaning'inia kwa Mama Chai pamoja na vya wenzangu. Nenda ukaangalie."

Inspekta aliisogeza picha karibu na macho. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na juu yake utando wa maziwa ulikuwa umekauka bila kuguswa.

"Nani aliyegundua kwamba Mrefu hajatoka?"

"Mama Chai. Mama yake mzazi, afande, ndiye anayetupikia chai pale. Alikuja ameshika kopo la sukari, akaniuliza, 'Mrefu yuko wapi?' Nikamwambia si katoka? Akasema hajatoka, mimi ningemwona." Aliikunja ile leso. "Ndipo nikakimbilia mlango."

"Alikuwa na sukari tu? Chai hakuwa nayo?"

"Kopo la sukari na kijiko."

Inspekta aliandika maneno mawili. Walipotoka nje, alisimama mbele ya benchi.

"Asubuhi ile mumeo alikuwaje? Meneja wa ghala anasema huenda alilewa, akasinzia nyuma ya magunia."

Mjane aliinua uso kwa mara ya kwanza, na kulikuwa na moto ndani yake. "Pombe hakuionja tangu nimjue. Alikuwa na homa. Nilimwambia abaki, akasema magunia hayajipangi yenyewe. Nikamkimbilia mama mkwe njiani, nikamwomba amwangalie huko kazini, ampe kitu cha moto." Alikunja kanga mapajani. "Afande, mume nimeshamzika. Kaka yangu naomba mnirudishie."

*

Ghala lilikuwa limefungwa kwa amri ya polisi, lakini wafanyakazi wake walikuwa wamejaa nje kama siku ya mshahara. Walikaa barazani juu ya magunia matupu wakisubiri kuhojiwa, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya jinsi Shemeji alivyofanya. Mmoja alisema ni wivu. Mwingine alisema ni nyumba. Wa tatu alisema yeye alishaota. Koplo alitaka kukaa nao kidogo. Inspekta alimvuta mkono.

Chumba cha chai kilikuwa pembeni, hakizidi upana wa kitanda. Mama Chai alikuwa amesimama akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega yamejikunja, kitambaa cheusi kichwani. Ungejiuliza yule marehemu urefu wake aliutoa wapi.

"Pole sana, mama," Inspekta alisema. "Hukupaswa kuwa hapa leo."

"Nyumbani kumejaa watu, mwanangu. Kila anayeingia ananiangalia nianze kulia. Hapa angalau mikono ina kazi."

Ukutani kulikuwa na ubao mpana wenye misumari, na kwenye misumari vikombe vya bati. Kila kikombe kilikuwa na alama yake. Inspekta alikiona chenye ua, kimekauka, kina vumbi kidogo.

"Hicho cha yule muuaji," Mama Chai alisema. "Nilikishika mara mbili nikitupe. Mkono ukakataa."

"Ubao mzuri huu."

"Huo? Huo ulikuwa wa mlangoni kwenye dawa. Zamani kila mtu alikuwa na kibati chake. Ukiingia unakitundika, ukitoka unakichukua. Msumari wenye kibati maana yake kuna mtoto wa mtu ndani. Meneja alipoleta kompyuta akasema ubao ni ushamba, utupwe. Nikauomba nitundikie vikombe."

Msumari wa juu kabisa ulikuwa mtupu.

"Na huu wa juu?"

"Wa mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa anaufikia." Aliunyooshea mkono, vidole vikaishia hewani. "Kikombe chenyewe sijui kiko wapi. Siku ile imenipotea, mwanangu, yote. Nimekitafuta hadi kwenye jalala."

"Ni cha bluu?"

"Cha bluu. Umekiona?"

"Nitakirudisha, mama," Inspekta alisema, akatoka haraka.

Nje Koplo alimwuliza mbona amebadilika uso. Inspekta alikuwa anatazama umbali kutoka chumba cha chai hadi kibandani. Ulikuwa kama wa kutoka sebuleni hadi jikoni.

"Jiko lake umeliona?" alimuuliza Koplo.

"Hana jiko, afande. Meneja alipiga marufuku mkaa, anaogopa magunia yasiungue. Akamnunulia birika la umeme."

"Na soketi umeiona mle ndani?"

Koplo alirudi kuchungulia mlangoni, akatikisa kichwa: hakuna hata moja.

*

Aliyetengeneza programu ya ile kompyuta alikuwa anawasubiri kibandani. Wafanyakazi walimwita Profesa, kwa sababu ya miwani na kwa sababu alikuwa haeleweki. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, mikono imekumbatia magoti, na kabla hajasalimiwa alisema:

"Programu yangu haina kosa."

"Sijasema inalo. Nieleze inavyofanya kazi. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ataniambia nitafute kazi ya maana." Hakuna aliyecheka, akajikohoza. "Sawa. Kuna kipande kidogo cha programu, sisi tunakiita fanksheni. Jicho la mlangoni likikatizwa, kinaitwa. Kinaamka, kinahesabu, kinaondoka."

"Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Kinakwisha. Na kila kilichokijua kinakwisha nacho. Kikiitwa tena, kinaamka kama mtoto mchanga, hakijui kama kiliwahi kuitwa."

"Sasa kama kila mara kinazaliwa upya," Inspekta alisema polepole, "kitajuaje kuwa ndani kuna watu watatu na sasa ameongezeka wa nne?"

Profesa aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipata uhai. "Hapo ndipo penyewe, afande! Wengi wanakosea hapo. Mimi nilikipa kijisanduku cha kumbukumbu. Fanksheni inakwisha, sanduku linabaki na namba yake. Ikiitwa tena, inaikuta namba pale pale ilipoiacha. Sanduku linawekwa sifuri mara moja tu, ile mara ya kwanza kabisa. Baada ya hapo mstari ule haurudiwi."

"Haurudiwi kamwe?"

"Kamwe. Tulijaribu hapa kutwa nzima, watu wanaingia wanatoka, haikukosea hata mmoja. Namba haiwezi kurudi sifuri yenyewe. Ni lazima mtu aandike neno la siri." Alivua miwani. "Mrefu alikuwa rafiki yangu. Ningependa nimkute mwingine wa kulaumiwa, lakini ni Shemeji."

Koplo alimtazama Inspekta: si unaona? Inspekta alikuwa ameinamia skrini. Pembeni, chini kabisa, saa ya kompyuta ilionyesha mwaka ambao Koplo alikuwa bado hajaoa.

"Hii saa vipi?"

"Aa, hiyo. Kuna kibetri kidogo ndani ya mashine kinachotunza saa. Kimekufa siku nyingi. Kila ikikosa umeme, saa inarudi siku iliyotoka kiwandani."

"Kwa hiyo hakuna aliyeichezea."

"Hapana, ni umeme tu, ikizim..."

Alikwama katikati ya neno. Inspekta hakumsaidia. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye.

"Lile sanduku lako. Liko wapi hasa? Umeliandika kwenye diski?"

"Liko ndani ya programu."

"Programu ikiwa inafanya kazi."

"Ndiyo. Ikiwa inafanya kazi."

"Na mashine ikizimwa?"

"Haizimwi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliambiwa haizimwi. Palikuwa na betri ya akiba, hapa chini ya meza."

Chini ya meza palikuwa na mraba safi katikati ya vumbi.

"Iko ofisini kwa Meneja," Koplo alisema. "Watu wa nje wameniambia. Ameunganisha friji yake, soda zisipate joto."

"Koplo, siku ile umeme ulikatika?"

"Haukukatika. Nilikuwa kwa kinyozi hapo ng'ambo, mashine iko kichwani. Ungekatika ningekuja kwenye tukio na nusu ya nywele. Ulikuwepo mwanzo mpaka mwisho, afande, naapa kwa upara wangu."

Inspekta alipiga magoti. Kibanda kizima kilikuwa na soketi moja, ukutani, usawa wa sakafu. Plagi ya kompyuta ilikuwa imechomekwa hapo. Uso wa soketi ulikuwa umechakaa, plastiki imekwaruzika kwa kuchomekwa na kuchomolewa, na sakafuni palikuwa na alama za mviringo, moja juu ya nyingine, za kitu cha moto kilichowekwa pale pale kila siku.

"Koplo, ingia chumba cha dawa."

"Mimi?"

"Mitungi ya gesi imeshaondolewa. Ingia, simama katikati, usitoke mpaka nikuite."

Koplo aliingia akinung'unika kuhusu watoto wake watano. Jicho likakatizwa. Skrini ikabadilika: moja. Taa nyekundu.

"Unaona?" Profesa alisema. "Inajua."

Inspekta alichomoa plagi. Skrini ikafa. Alianza kuhesabu kimoyomoyo muda wa maji kuchemka, akaona hakuna haja, akairudisha plagi. Mashine ilinguruma, maandishi yakapita, programu ikafunguka yenyewe kama ilivyofundishwa.

Sifuri. Kijani.

Kutoka ndani ya zege sauti ya Koplo ilikuja kwa mbali: "Afande? Bado nipo huku!"

Profesa alikuwa amesimama. Alinyoosha kidole kwenye skrini, kikabaki hewani. "Kwake ni mara ya kwanza," alisema. "Ikiamka upya, kwake ile ndiyo mara ya kwanza kabisa. Mungu wangu. Ningeandika namba kwenye diski kila inapobadilika. Ni mistari miwili, afande. Mistari miwili tu." Alikaa. Kisha akakumbuka kitu, akakishika kama mtu anayezama. "Lakini mbona miezi yote hii haijatokea? Kama mtu anachomoa kila siku, mbona kila siku iko sawa?"

"Samahani, wanangu."

Mama Chai alikuwa mlangoni, birika la umeme mkononi, limejaa maji.

"Naomba nichomeke mara moja. Hao waliokaa nje wana njaa tangu asubuhi, na wengine wamekuja kwa ajili ya mwanangu. Nikimaliza naichomeka yenu, inawaka yenyewe."

Koplo, aliyechoka kungoja, alitokea mlango wa chumba cha dawa akijipangusa vumbi; jicho lilikatizwa, lakini chini ya sifuri namba haikuweza kushuka. Mama Chai alimtazama, akaitazama ile skrini yenye kijani, akamtazama tena.

"Huyu alikuwa ndani?"

"Ndiyo, mama," Inspekta alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na hiyo inasema hakuna mtu."

Inspekta aliinuka kutoka sakafuni. Alitaka kumshika mkono, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa bado umeshika waya, na Mama Chai alikuwa ameshauona.

"Umeichomoa," Mama Chai alisema.

"Mama, weka birika chini. Njoo ukae."

"Mimi huwa nawasubiri watoke." Alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea mbele ya mtu mkali. "Kila siku. Saa ya mapumziko watoto wakitoka wote, ndipo nakuja kuchemsha, ili wanywe ya moto. Sijawahi kuja kabla. Muulize yeyote."

"Najua, mama." Inspekta alimgeukia Profesa, ingawa macho yake hayakutoka kwa yule mama. "Hilo ndilo jibu lako. Kila siku sifuri ilikuwa inaangukia juu ya sifuri."

"Siku ile alikuwa na homa. Mkewe aliniambia. Nikasema akitoka humo akute ya moto imeshamiminwa, asingoje foleni na wenzake. Nikachemsha mapema. Nikamimina kwenye kikombe chake, nikakiweka hapo." Alionyesha meza. "Nikarudisha waya wenu. Nikaenda kuchukua sukari, kwa sababu nilisahau sukari."

Birika lilimponyoka. Maji yalitapakaa sakafuni, yakapita juu ya zile alama za mviringo, na Koplo akaruka kuichomoa plagi kabla hayajafika. Skrini ikafa kwa mara ya pili.

Profesa alifunika uso. "Siyo wewe, mama," alisema ndani ya viganja. "Ni mimi. Ni mimi niliyeiacha ikisahau."

Mama Chai hakuonekana kumsikia. Alikuwa anakitazama chumba cha dawa.

"Yule kijana niliyemlaani," alisema hatimaye. "Yuko wapi?"

*

Koplo ndiye aliyeendesha gari la polisi, Inspekta na Mama Chai wamekaa nyuma yake. Profesa alibaki ghalani na askari. Meneja alikuwa ameambiwa asisogee kwake, na betri ya akiba imetolewa kwenye friji ikafungwa ndani ya mfuko wa ushahidi. Inspekta alikuwa ameshaipanga taarifa yake: ubao ulioondolewa, betri iliyohamishwa, programu iliyohifadhi roho za watu mahali ambapo waya mmoja ungezifuta. Ingekuwa taarifa nzuri. Lakini ili mlango wa mahabusu ufunguke kabla ya kesho, ilihitaji maelezo ya mtu mmoja kuhusu birika, na hakukuwa na namna ya kuyaandika bila birika kuwemo.

"Mama, unaweza kusubiri," alisema. "Ninaweza kukuhoji kesho kutwa. Nitatafuta njia nyingine ya kumzuia asipelekwe mahakamani."

"Kijana wa watu alale humo tena kwa sababu mimi naogopa kusema?" Mama Chai alijifunga kitambaa upya. "Endesheni."

Mjane alikuwa bado mwisho wa benchi. Alipomwona mama mkwe wake akishuka garini na polisi, alisimama, akarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa mara ya mwisho kuonana ilikuwa makaburini na maneno yale.

Mama Chai alimwendea. Alikaa kwenye benchi, akagonga ubao pembeni yake, na mjane akakaa.

"Kaka yako anatoka leo," alimwambia.

Mjane alimtazama Inspekta. Inspekta aliinamisha kichwa kukubali. Mjane alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akaushika mkono wa mama mkwe wake kwa mikono yote miwili, akaubusu.

"Kwa hiyo si yeye. Nilijua si yeye. Nani basi, mama? Wamempata?"

Kwenye kaunta askari wa zamu aliacha kuandika. Mama Chai aliutazama mkono wake ulioshikwa, akajaribu kuutoa taratibu, mjane hakuuachia.

"Nilichomoa mashine yao nikachemsha maji," Mama Chai alisema. "Alikuwa bado hajatoka. Nilimchemshia chai mapema, mwanangu, basi. Mashine ikasahau kama yuko ndani."

Mjane hakuelewa. Kisha Inspekta aliona neno moja likimfikia, neno *mapema*, likipita usoni mwake kama maji baridi. Midomo yake ilisogea. Akilini alikuwa amerudi njiani asubuhi ile, anamkimbilia mwanamke mfupi aliyetangulia mbele, anampigia kelele asimame.

"Mimi ndiye niliyekuomba," alisema.

"Hapana."

"Mimi ndiye niliyekuomba, mama. Nilisema ana homa. Nilisema, mpe kitu cha moto."

"Nyamaza, binti yangu. Hujasema kitu."

Walishikana pale pale kwenye benchi, mfupi na mwembamba, vichwa vimegusana, kila mmoja akijaribu kuuchukua mzigo kutoka kwa mwenzake na mwenzake akikataa kuuachia. Kule ndani funguo zilianza kulia. Koplo alikuwa amekwenda kumtoa Shemeji bila kungoja amri. Inspekta alitoa karatasi ya maelezo, akaiweka kwenye kaunta, akashika kalamu. Kisha akaifunga kalamu tena; maelezo yangengoja kidogo.

Alikwenda kwenye kabati la vielelezo, akafungua mfuko, akatoa kikombe cha bluu alichoahidi kukirudisha. Chai ilikuwa imeshamwagwa, likabaki duara la kahawia juu kabisa. Alikipeleka bombani, akakiosha mwenyewe, polepole, kwa vidole, na askari wa zamu aliyejua sheria ya vielelezo alimtazama mpaka mwisho na hakumzuia.